Jedwali langu linasema moja moja kila wiki, na ofisi nzima imeweka hela

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari hapa Morogoro. Nina miaka 34, mke na watoto wawili. Sinywi, sivuti, na mpira wenyewe niliacha kuucheza tangu goti liliponigomea. Kilichobaki ni kuangalia, na kubeti kidogo Jumamosi.

Likizo ya mwezi wa sita mwaka jana nilipata wazo. Hesabu za uwezekano huwa nazifundisha kwa sarafu na dadu, na vijana wanasinzia. Nikasema, kwa nini nisitumie mpira? Nikafungua Excel, nikaingiza mechi zote 380 za Ligi Kuu ya Uingereza za msimu uliokuwa umeisha: tarehe, mwenyeji, mgeni, mabao. Nikatafuta wastani wa mabao ya wenyeji na ya wageni kwa ligi nzima, kisha nguvu ya kila timu kushambulia na udhaifu wake wa kuzuia, nyumbani na ugenini. Ukizidisha unapata mabao yanayotarajiwa kwa kila upande, na fomula ya Poisson inakugawia: uwezekano wa kufunga 0, wa 1, wa 2, mpaka 6. Siku tatu mfululizo nililala saa nane usiku. Mke wangu alidhani natunga mtihani wa mock.

Nikalijaribu kwenye msimu uleule. Shangazi, lilipatia mshindi au sare kwenye mechi 209 kati ya 380, sawa na 55 kwa 100. Nilitoka nje nikazunguka nyumba.

Agosti nikaanza kuweka mikeka, yaani tiketi moja ya mechi nyingi ambayo lazima zote ziingie, mechi saba mpaka kumi, dau 2,000, baadaye 5,000. Wiki ya tatu mkeka wa mechi saba ukaingia, nikapata 186,000. Kosa langu nililisherehekea ofisini. Nilinunulia walimu wote chapati na soda. Tangu hapo kila Ijumaa wakati wa chai wananizunguka: "Ticha, kompyuta inasemaje?" Wengine wananipa hela niwawekee. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimeshika 140,000 za watu sita. Mkeka ukachanika kwa mechi moja, bao la kusawazisha dakika ya 90. Ndipo nikajua kwamba mmoja wao, mwalimu wa Kiswahili, zile 50,000 alizonipa zilikuwa hela za kijumbe, zamu ya mtu mwingine. Sasa tunasalimiana kwa shingo upande.

Swali la kwanza ni la kitaalamu. Nikiliuliza jedwali matokeo kamili linajibu 1-1, 1-1, 2-1, 1-1. Hata timu nzuri ikiwa nyumbani, 1-1. Linaogopa nini? Nimekosea fomula? La pili, niongeze nini: xG (kipimo cha ubora wa nafasi za kufunga), majeruhi, hali ya hewa, tabia ya refa? Kwa sasa nina safu 14. La tatu, niwaambie nini wenzangu, maana wanataka nijaribu tena "turudishe". Mke wangu anajua nabeti ila hajui kiasi. (Mwezi uliopita nilichukua mkopo wa simu 80,000, lakini nimeshalipa nusu.)

Mwalimu wa Poisson, Morogoro

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Mwalimu.

Kabla sijaanza kujibu barua za watu nilikaa miaka 22 kwenye bima, idara ya madai ya magari. Kwa hiyo huyo Poisson aliyekukosesha usingizi mimi namfahamu, na si kwa mpira. Alikuwa Mfaransa, hesabu yake aliichapisha mwaka 1837 ndani ya kitabu kuhusu hukumu za mahakama. Sisi kazini tulifundishwa kwa mfano wa farasi. Mwaka 1898 mtaalamu aitwaye Bortkiewicz alichukua kumbukumbu za jeshi la Prussia: vikosi 10, miaka 20, askari waliouawa kwa teke la farasi. Ukihesabu kila kikosi kwa kila mwaka unapata mistari 200 na vifo 122, wastani wa 0.61. Weka 0.61 kwenye fomula yako, uliza mistari mingapi haitakuwa na kifo hata kimoja. Inakujibu karibu 109. Kumbukumbu zenyewe zilisema 109.

Siku ile darasa zima tulipiga mluzi. Lakini fomula haikujua farasi yupi atampiga askari gani, wala lini. Ilijua jumla. Kaa na hilo, nitalirudia.

Sasa moja moja yako. Hukukosea fomula. Chukua mwenyeji anayetarajiwa mabao 1.8 na mgeni 1.1. Mtu wa kijiweni atakuambia 1.8 ni kama mbili, 1.1 ni moja, basi 2-1. Fungua seli zako uone. Mwenyeji kufunga bao moja ni asilimia 29.8, mawili, 26.8. Mgeni kufunga moja ni 36.6, kutoka kapa, 33.3. Zidisha: 1-1 inatoka 10.9, 1-0 inatoka 9.9, 2-1 inatoka 9.8, 2-0 inatoka 8.9. Ni kweli 1-1 inaongoza, ila inaongoza darasa la watoro. Jedwali linakuambia kwamba mechi hiyo ikichezwa mara 100, mara 89 haitaisha 1-1.

Halafu jumlisha seli zote ambazo mwenyeji ana mabao mengi. Utapata karibu 54. Sare za kila aina, 23. Mgeni, 23. Jedwali lilelile unalosema linaogopa linaamini mwenyeji ana zaidi ya nusu ya mechi mkononi. Ushindi wake umetawanyika kwenye 1-0, 2-0, 2-1, 3-0, 3-1 na wenzake, wakati sare zimebanana kwenye seli mbili tatu. Ndiyo maana seli moja ya sare inaonekana ndefu kuliko zote. Acha kuliuliza matokeo kamili, liulize mafungu.

Kuna kasoro ndogo ya kweli. Poisson ya kawaida inachukulia kwamba mabao ya mwenyeji na ya mgeni hayajuani kabisa. Mwaka 1997 watakwimu wawili, Mark Dixon na Stuart Coles, waliyarekebisha matokeo manne tu, 0-0, 1-0, 0-1 na 1-1, na wakazipa mechi za karibuni uzito kuliko za zamani. Ukitaka kazi ya likizo ijayo, anzia hapo. Haitakurudishia zile 140,000, lakini utaifurahia.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno moja. Umeandika mabao, wastani, nguvu, udhaifu, fomula. Neno odi, yaani kiasi kampuni ya kubeti inachokulipa kwa kila shilingi uliyoweka ukishinda, halipo popote. Safu 14, na hakuna hata moja inayosema kampuni inauza mechi hiyo kwa bei gani. Mwalimu, wewe unakwenda sokoni ukiwa unajua uzito wa kila nyanya, bei huulizi.

Turudi kwa mwenyeji wetu wa 54. Gawa 1 kwa 0.54, unapata 1.85. Hiyo ndiyo bei ya haki kwa mujibu wa jedwali lako. Kampuni ikitoa 1.75, zidisha kwa 0.54, unapata 0.945: kila 1,000 unayoweka inarudi kwa wastani kama 945. Yaani timu unaamini itashinda, na pengine itashinda kweli, lakini dau hilo ni la hasara. Wengi hapa ndipo wanaponikatalia. Wanasema, "Si imeshinda?" Imeshinda leo. Uliza baada ya mechi 200 kama hiyo.

Na kampuni haiuzi kwa bei ya haki. Tuseme mechi fulani imewekwa 2.10 mwenyeji, 3.40 sare, 3.50 mgeni. Gawa 1 kwa kila moja: 47.6, 29.4, 28.6. Jumla 105.6. Lakini mechi haiwezi kuwa na zaidi ya 100. Hiyo 5.6 ni cha juu. Kwenye bima tulifanya hivyohivyo: tunakadiria ajali za mwaka, tunaongeza cha juu kwenye ada, tunakwenda kulala. Hatukuhitaji kujua gari lipi litaingia mtaroni Kitonga. Ni kama wale farasi. Kampuni inahitaji jumla tu. Anayehitaji kumjua farasi mmoja mmoja ni wewe.

Mkeka ndio unaoniumiza roho zaidi. Cha juu cha 5.6 kwenye mechi moja kinavumilika, ni kama kiingilio cha uwanjani. Ila mechi zikiungana, na vya juu vinazidishana. Zidisha 1.056 mara kumi, unapata 1.72. Maana yake mkeka wa mechi kumi, hata kama makadirio yako ni sawasawa na ya kampuni, kila 100 unayoweka ina thamani ya kama 58, na hapo kodi ya ushindi haijakatwa. Chukua hata mechi kumi za "uhakika", kila moja 70 kwa 100. Zote kuingia ni chini ya mara 3 kwa 100. Kwa hiyo lile bao la dakika ya 90 usililaumu. Mkeka huo ulisukwa na matundu yake.

Zile mechi 209 ulizozungukia nyumba nazo tuziangalie. Nguvu za timu ulizikokotoa kutoka kwenye mechi 380, kisha ukaziuliza mechi zilezile 380. Mwanafunzi ukimkuta na karatasi ya majibu mapajani hutampa A, hata akipata 55. Jaribio la kweli ni hili: jedwali lione mechi za mpaka Desemba tu, litabiri wiki ya kwanza ya Januari, uandike, ndipo uingize matokeo ya wiki hiyo, litabiri inayofuata. Na uweke washindani wawili pembeni. Wa kwanza ni mtu asiyejua chochote, anayeandika "mwenyeji" kwenye kila mechi. Msimu wa kawaida huyo hupatia karibu 45 kwa 100, kwa hiyo 55 yako si mlima kama ulivyodhani. Wa pili ni timu yenye odi ndogo kuliko zote kwenye kila mechi. Kama jedwali lako halimpiti huyu wa pili, basi unamlipa cha juu mtu anayejua kuliko wewe.

Misimu yenyewe pia inageuka. Msimu wa 2022/23 ligi hiyo ilifungwa mabao 1,084. Uliofuata yakawa 1,246, wastani wa 3.28 kwa mechi. Aliyekuwa ameganda na wastani wa mwaka uliotangulia alikuwa anapungukiwa mabao kila Jumamosi bila kujua kwa nini. Na msimu wa 2020/21, viwanja vikiwa karibu vitupu kwa ajili ya korona, wageni walishinda mechi 153, wenyeji 144. Safu ya "nyumbani" iliyokuwa haijawahi kumsaliti mtu ikageuka chuma chakavu.

Kuhusu safu za kuongeza nitakuwa mfupi. xG ni nzuri, kwa sababu inapima nafasi zilizotengenezwa, na mabao ni machache mno kumpima mtu kwa mechi tano sita. Majeruhi unayoyasoma wewe Ijumaa usiku yameshaingia kwenye odi. Hali ya hewa na refa achana navyo. Ukiwa na mechi 380 na safu 25, jedwali litaanza kukariri badala ya kujifunza, na hilo mwalimu sihitaji kukueleza.

Na usije ukalihamishia hapa nyumbani ukitegemea mteremko. Ligi yetu ina timu 16, kila moja mechi 30, yaani 15 tu za nyumbani, na viporo vikianza hujui timu imepumzika siku tatu au wiki tatu. Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1. Tuseme jedwali lako siku hiyo lingeipa Yanga mabao 1.4 na Simba 1.2, makadirio ambayo kijiweni yasingemkasirisha mtu. Poisson ingekujibu kwamba 5-1 ni mara 4 kwa 1,000. Hata hivyo ilitokea, na jirani yangu Mnyama, shabiki wa Simba, hakufungua dirisha siku mbili.

Sasa hela.

Habari nzito kuliko zote kwenye barua yako umeiweka kwenye mabano. Mkopo wa simu. Mtu anayebeti kwa kujifurahisha hakopi, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana ukalifungia ndani ya mabano. Kwa hiyo kabla ya Dixon na Coles, ongeza safu ya 15: tarehe, ulichotoa, kilichorudi. Anzia Agosti. Kila mkeka, pamoja na ile chapati na soda. Simu yako ina kumbukumbu za miamala yote, usitumie kichwa, kichwa kinakumbuka 186,000 tu. Ukifika chini bonyeza jumla, kisha mwonyeshe mkeo namba hiyo kabla wiki haijaisha. Usimpe maelezo ya Poisson, mpe namba. Atakasirika, ana haki. Ila akiisikia kwako itakuwa ugomvi wa jioni moja. Akiisikia kutoka kwa mke wa mwalimu mwenzako ni habari nyingine.

Mpaka mkopo uishe, jedwali liendelee kutabiri lakini bila dau. Kalamu na karatasi. Kama Jumamosi mbili zitapita na mkono unawasha mpaka unatafuta visingizio, basi tatizo limeshatoka kwenye hesabu. Omba kampuni ikufungie akaunti, simu ya hela akae nayo mkeo, na tafuta mshauri nasaha, hospitali ya mkoa uanzie hapo. Sikutishi. Nimepokea barua nyingi zilizoanza kwa "kidogo Jumamosi".

Ukishamaliza deni na ukitaka kurudi, rudi kama mtu wa hobi: mechi moja moja, dau la bei ya soda, na pale tu jedwali likizidishwa na odi linapovuka 1 kwa nafasi ya kutosha. Wiki nyingi hutapata mechi ya namna hiyo hata moja. Hapo ndipo utajua kama unachopenda ni jedwali au ni mkeka.

Walimu wenzako. Usishike tena hela ya mtu, hata 500. Biashara ya kubashiri hapa nchini ina leseni, zinatolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Wewe una cheti cha ualimu na kinatosha. Wale watano ni watu wazima, waliweka wakijua mpira ni mpira, hudaiwi. Ila usikubali huo mpango wa "turudishe". Ijumaa wakati wa chai fungua laptopu, waonyeshe ile seli ya 10.9, waambie: kompyuta inasema mara 89 nitakuwa nimekosea. Watacheka, wengine watanuna. Chai itanyweka.

Mwalimu wa Kiswahili ni jambo tofauti. Kwa sheria ya kijiweni humdai wala hakudai. Lakini pale kwenye kijumbe kuna mtu wa tatu anayesubiri zamu yake, na huyo hakubeti chochote. Ningekuwa wewe ningemwambia mwenzangu twende wote kwa kijumbe, tuombe mpaka mwisho wa mwezi, nusu atoe yeye na nusu nitoe mimi. Elfu 25, kutoka kwenye mshahara, si kwenye mkopo mwingine. Najua kuna wasomaji watasema namlea mkosaji. Na waseme.

Vijana wako wapelekee farasi wa Prussia badala ya dadu. Wape mechi tano za Jumamosi, kila mmoja aandike asilimia zake tatu kwenye karatasi Ijumaa, mzisahihishe Jumatatu, na zawadi iwe kalamu.

Safu ya 15 ikikamilika nitumie jumla yake, hata kama ni ya aibu. Mimi nina daftari langu la tiketi za bahati nasibu, la miaka niliyokuwa bado bima, mwajiriwa wa kuhesabu hatari za watu wengine. Tutalinganisha.